Tuzo za hadithi, filamu na michoro ya wanyama: unapigiaje kura kitu ambacho hujakisoma?

Wakuu, salaam. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa katuni za kuangalia wikiendi. Hapa naongelea dhuluma, na nimenyamaza vya kutosha.

Juzi saa tano usiku naingia WhatsApp, nakuta ujumbe wa jamaa niliyesoma naye: "Fungua hiyo linki, shuka mpaka chini, chagua namba tatu, tuma. Dakika moja tu." Namuuliza namba tatu ni nini. Anasema hadithi ya binamu yake, iko kwenye shindano la hadithi za wanyama. Namuuliza ni nzuri? "Sijaisoma, ndefu. We piga tu, wanafunga saa sita." Nikafungua hadithi zote tano za shindano. Mpaka wanafunga nilikuwa nimemaliza mbili, kwa hiyo sikupiga kura. Kesho yake namba tatu imeshinda na jamaa ananitumia makofi. Waliobaki wanne nao walikesha wakiandika, na hakuna anayeweza kuwaambia walishindwa kwa lipi.

Msiseme ni mashindano yetu ya uchochoroni tu. Ugonjwa uko mpaka juu. Kwa wasiofahamu, zipo tuzo za Ursa Major kule Marekani, zimebeba jina la zile nyota za Dubu Mkubwa. Ni tuzo za kazi ambazo wahusika wake ni wanyama wenye akili na tabia za binadamu: wanasema, wanapenda, wana madeni. Zipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hazina jopo la majaji. Kwanza watu wanateua kazi za mwaka uliopita, kisha zilizopata uteuzi mwingi zinarudishwa zipigiwe kura. Hulipi chochote, hutakiwi kuwa mwanachama wala kupanda ndege. Uliyeko Tandika na uliyeko Chicago kura zenu zina uzito sawa. Mmoja wa waasisi wake, hayati Fred Patten, alikuwa mtu wa vitabu hasa, mhariri na mhakiki. Binafsi sijaona utaratibu wa haki kuliko huo, na ndiyo maana naumia ukiharibiwa.

Sasa angalieni kipengele cha filamu. Kazi za mwaka 2016 mshindi alikuwa Zootopia. Filamu ya Disney, imeingiza zaidi ya dola bilioni moja, na Februari 2017 ikachukua Oscar ya katuni bora. Naipenda ile filamu. Nimeiona mara nne, ya kwanza kibanda umiza, mtafsiri kampa yule mbweha lafudhi ya dalali wa Kariakoo na banda zima likasimama. Lakini niambieni, Disney inaifanyia nini tuzo ya mashabiki? Ina wafanyakazi, ina matangazo kila ukuta. Mtu aliyechora katuni fupi ya dakika tatu peke yake chumbani, tuzo hiyo hiyo ingemfungulia mlango. Mimi nasema wazi: filamu za studio kubwa zitolewe kabisa kwenye tuzo za mashabiki. Zina tuzo zao.

Na kipengele cha filamu walau wapiga kura wameiona filamu. Kwenye riwaya, hadithi fupi na majarida ndiko roho inaniuma, maana filamu unaimaliza jioni moja, riwaya inataka wiki. Karatasi ya kura ni moja, vipengele vinafuatana. Mtu kapiga kura ya filamu kwa raha, anashuka, anakuta majina matano ya vitabu ambavyo hajawahi kuvishika. Badala ya kupaacha wazi, anachagua jina lenye jalada zuri au la mtu anayemfuata mtandaoni. Wazi ni kura halali, jamani! Kuacha wazi maana yake unawaachia waliosoma waamue.

Nina rafiki yangu mchoraji. Anachora kwa kidole kwenye simu iliyopasuka kona ya juu kulia, kwa hiyo picha zake zote huanzia kushoto. Mwaka jana aliingiza picha kwenye shindano moja la ukurasa fulani, mshindi anapatikana kwa laiki. Alichora fisi kakaa kwenye benchi la zahanati, kashika kadi ya kliniki, na mkono wa pili kafunika mdomo. Pembeni yake kuna mtoto wa swala anamkodolea macho. Ukitazama vizuri ndipo unaelewa: fisi anaficha meno ili mtoto asiogope. Siku kumi na moja za kazi. Ikashinda picha ya simba kavaa miwani ya jua, ya mtu mwenye wafuasi wengi. Rafiki yangu hakulalamika, alichoniuliza ni kimoja: "Hivi kuna aliyeuona ule mkono?" Sikuwa na jibu.

Najua kuna watakaosema basi wapige kura wajuzi tu. Hilo limeshafanyika: tuzo za Cóyotl, zilizoanzishwa na Furry Writers' Guild, chama cha waandishi wa hadithi za wanyama wa namna hii, waliokuwa wakipiga kura ni wanachama wenyewe. Ni sawa kwao, lakini mimi sitaki kura ya shabiki ife. Bibi yangu hakuwa mwanachama wa chochote na alijua hadithi gani inasimama na ipi inaanguka. Tulikuwa tukianza kusinzia, yeye anaikata hapo hapo anaanza nyingine. Ile ilikuwa kura, na aliipiga akiwa anaijua hadithi yote mpaka mwisho.

Kinachonikera zaidi ni sisi wenyewe. Sisi ni watu wa Sungura na Fisi. Kima aliyemdanganya papa kwamba moyo kauacha mtini, na ndani yake punda wa dobi asiye na moyo wala masikio, hiyo imechapwa tangu 1870 kwenye mkusanyo wa Edward Steere wa hadithi za Zanzibar. Hakuna wa kutufundisha mnyama anayesema. Halafu leo msimu wa kuteua wa Ursa Major ukifika, nafasi iko wazi kwa yeyote mwenye intaneti, nauliza kwenye makundi matatu nani atateua nini, naandikiwa jina la filamu iliyokuwa kwenye mabango. Makundi matatu! Hakuna hata mmoja aliyetaja hadithi, jarida au mchoro.

Kwa hiyo naomba mawili. Usinitumie linki ya kura bila kunitumia kazi yenyewe, na uwe umeisoma. Na atakayekuja hapa chini kunibishia, aanze kwa kutaja hadithi moja ya wanyama iliyotoka mwaka jana aliyoisoma mpaka mwisho, aseme ni wapi ilimshika.

Nawasilisha.