Kucheza mbele ya Jengo la 30 Juni: sanaa ama kufunga njia?

Mutu wa Ruashi: Jana nimeona vidiyo moja. Vijana kumi na wawili wanatembea polepole mbele ya Jengo la 30 Juni, hapa kwetu Lubumbashi, wanalala kwenye saruji, wanaamka pamoja. Mahali pa watu wote, nani aliwapa ruhusa kutuzungushia kamba tupite nyuma? Michezo ya watoto wa Golf hiyo, mtaa wa wenye pesa.

Dada Kamalondo: Golf imekukosea nini weye? Mmoja wa wale wachezaji ni jirani yangu, mama yake anauza makala, makaa ya kupikia, sokoni.

Yaya Kasapa: Tuache Golf. Jengo lile ni la 1956, kazi ya Claude Strebelle na wenzake. Wakati huo babu zetu wakitoka mitaa yao kwenda mjini kwa bazungu, walivuka ukanda mtupu uliowatenga. Hatua zao zilikuwa zimepangwa na polisi. Kijana akilala pale leo, mi najua anamjibu nani.

Fundi Kenya: 1956? Si Tshombe, yule rais wa Katanga ilipojitenga, alijenga ile kitu? Bunge lake lilikaa mule.

Yaya Kasapa: Bunge la Katanga lilikuta ukumbi tayari, mdogo wangu. Ulikuwa wa tamthilia. Wengine watasema haukubadilika kazi.

Fundi Kenya: 😂 Haya. Lakini kamera imewekwa mbali mno, wachezaji wamekuwa siafu. Mchezaji Faustin Linyekula alipocheza kwenye magofu ya Gécamines, ile kampuni ya madini, kwa vidiyo ya msanii Sammy Baloji, jasho uliliona.

Dada Kamalondo: Siafu ndiyo yenyewe! Jengo linakumeza. Ukiwa na wivu huoni.

Mutu wa Ruashi: Nani ana wivu? Mimi nimecheza mbele ya watu kabla wewe hujazaliwa, tena bila kamba.

Fundi Kenya: Papa, kwa matanga ama kwa harusi?

Mutu wa Ruashi: Kwa vyote. Na sikulala chini.

Yaya Kasapa: Swali la ruhusa limeishia wapi? Kama kamba inafunga njia saa nzima, Papa ana haki hapo.

Mutu wa Ruashi: Asante. Ila huyu dada aniambie kwanza: huyo mama wa makala anauzia upande gani? Gunia la juma lililopita, nusu yake vumbi.

Dada Kamalondo: Si yake hiyo! Yake inawaka mpaka bukari, ugali wetu, inaungua. Njoo kesho, lakini umuombe musamaha kwanza.