Mizani ya ghala haisomi kwenye laptopu mpya, lakini mausi na flashi zinakubali. Draiva inafanya nini hasa?

DadaKarani:

Habari za jioni wakuu. Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Masasi, tunapokea korosho. Mizani yetu ya kielektroniki ina kisanduku cha kuonyesha uzito, na nyuma yake kuna tundu la pini tisa. Hapo unatoka waya mpaka kwenye kebo fupi ya USB inayochomekwa kwenye kompyuta, na uzito unaingia wenyewe kwenye programu ya kuandikia stakabadhi. Kompyuta ya zamani ilikuwa na Windows 7, imekufa. Chama kimenunua laptopu yenye Windows 11. Nimechomeka kebo ileile, ikalia ile sauti ya kupokea kifaa, kisha kimya. Uzito hauji.

Kinachonishangaza ni kwamba mausi ya kompyuta ya zamani imekubali papo hapo. Kibodi pia, na flashi. Kebo hii tu ndiyo imegoma. Kijana mmoja wa mjini ananishauri nishushe programu ya kutafuta draiva zote, na inalipiwa. Ghalani hatuna intaneti zaidi ya simu yangu. Kabla sijagusa hela ya wakulima nataka kuelewa: kama laptopu haina draiva, mausi inafanyaje kazi? Kwa sasa uzito naandika kwa mkono na foleni ya magunia imefika barabarani.

Fundi wa Kirumba:

Pole na kazi, dada. Usilipe chochote na hiyo programu usiishushe. Programu za namna hiyo nyingi hubahatisha, na nyingine huja na vitu ambavyo hukuviomba. Kifaa chenyewe kitatuambia kinataka draiva gani, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea nacho, tena bure.

Acha kebo imechomekwa. Bofya kulia kwenye alama ya Windows, fungua Device Manager. Tafuta mstari wenye pembetatu ya njano, bila shaka utakuwa chini ya Other devices. Ubofye mara mbili. Kwenye ukurasa wa General nisomee namba ya Code. Kisha nenda Details, pale penye Property chagua Hardware Ids, uniandikie mstari wa juu kama ulivyo, usiache hata herufi.

DadaKarani:

Asante fundi. Imeandikwa USB2.0-Serial, Code 28. Mstari wenyewe ni huu: USB\VID_1A86&PID_7523&REV_0254

Fundi wa Kirumba:

Safi sana. Kebo yako upande wa USB ni nzima. Kama upande huo ungekuwa umeungua au waya wake umekatika ndani, usingepata mstari huo kabisa. Ungeona tu kwamba kifaa hakitambuliki, na hapo hakuna draiva ingesaidia.

Sasa nikujibu swali lako, maana ni swali zuri na watu wengi huuziwa vitu kwa sababu hawajajibiwa. Unapochomeka kifaa cha USB, ndani yake kuna rezista ya kilo-omu 1.5 inayopandisha umeme kwenye waya mmoja wa data. Laptopu inahisi hapo kwamba kuna kitu kimeingia. Inakianzisha upya, inaongea nacho kwa anwani 0 ambayo kila kifaa kigeni hujibu, inakipa anwani yake kati ya 1 na 127, halafu inakiambia: jieleze. Jibu lake la kwanza ni baiti 18 tu, na humo ndimo zilimo VID, namba ya mtengenezaji, na PID, namba ya bidhaa. Mazungumzo haya yako kwenye kanuni za USB tangu toleo la kwanza la 1996 na ni yaleyale kwa kila kifaa, ndiyo maana sauti uliisikia hata bila draiva.

Baada ya baiti hizo kifaa hutaja pia kipo kwenye kundi gani. Mausi na kibodi hutaja kundi la 03, vifaa vya kuingizia amri kwa mkono. Flashi hutaja 08, hifadhi ya data. Makundi haya yalikubaliwa na watengenezaji wote, na kila kundi lina lugha yake iliyoandikwa hadharani. Kwa hiyo Windows huja na draiva moja ya mausi zote na moja ya flashi zote, zimo ndani tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo laptopu yako haijakosa draiva, dada. Inazo nyingi. Iliyokosekana ni ya kebo hii.

Kebo yako kwenye sehemu ya kundi inasema FF, maana yake: mimi nina lugha yangu mwenyewe, mtafuteni aliyenitengeneza. Hapo Windows hurudi kwenye VID na PID, kama wewe unavyotazama namba ya chama na namba ya mkulima kabla ya kupokea gunia. Inapekua mafaili madogo ya maandishi yanayoishia na INF. Kila faili la namna hiyo limeorodhesha namba za vifaa na draiva inayovihudumia. Ikipata mstari wenye USB\VID_1A86&PID_7523, inapakia draiva hiyo. Ikikosa, huuliza Windows Update kwenye intaneti. Yako haina intaneti, ndiyo ukapata Code 28: draiva haijawekwa.

Na kuna jambo linalowachanganya wengi. Draiva haikai ndani ya kebo. Aliyewafungia mizani enzi zile aliiweka kwenye diski ya kompyuta ya zamani, na imekufa nayo.

Kazi yake yenyewe ni hii. Programu yako ya stakabadhi haijui USB. Inajua tu kufungua mlango unaoitwa COM3, kusema "nataka biti 9600 kwa sekunde", na kusubiri maandishi. Draiva ndiyo inayopokea ombi hilo, inaligeuza kuwa amri ambazo chipu ya ndani ya kebo inazielewa, na kila kiwanda kina amri zake. Mizani inapotuma mstari kama huu, ST,GS,+0081.40kg, draiva inaupokea kutoka kwenye pakiti za USB na kuuweka mlangoni, programu inausoma. Pande zote mbili zinaamini zimeunganishwa kwa waya wa zamani wa pini tisa. Nafanya kazi na mizani za maghala ya pamba huku Kanda ya Ziwa na bado jambo hili hunifurahisha: programu iliyoandikwa kabla USB haijaenea inafanya kazi hadi leo kwa sababu ya kitu kimoja kidogo katikati.

Sasa suluhisho. 1A86 ni namba ya kiwanda cha China kinachoitwa Nanjing Qinheng, na 7523 ni chipu yao CH340. Kwa simu yako ingia kwenye tovuti ya kiwanda chenyewe, wch-ic.com, ushushe CH341SER.EXE, ndiyo draiva ya CH340 pia. Ni faili dogo, halitamaliza bando. Lihamishie kwenye laptopu kwa waya wa simu, ulifungue, bonyeza Install. Usiiunge laptopu kwenye hotspoti kwanza, maana Windows mpya ikionja intaneti itaanza kushusha masasisho yake yote.

Ninasisitiza tovuti ya kiwanda kwa sababu draiva ya namna hii si programu ya kawaida. Programu ya kawaida ikikosea, inafungwa yenyewe na mengine yanaendelea. Draiva hii inakaa kwenye kiini cha mfumo endeshi, inagusa kumbukumbu yote, na ikikosea inaangusha mashine nzima. Tarehe 19 Julai 2024 draiva ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike ilisoma faili moja lenye kasoro, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 zikaingia skrini ya bluu, baadhi ya viwanja vya ndege vikasimama. Hao walikuwa watu wenye nia njema na saini halali. Draiva ya kuokota kwenye tovuti isiyojulikana ni kumpa mtu usiyemjua ufunguo wa ghala.

Kijana wa Likoni:

Salamu kutoka Mombasa. Fundi amesema yote, naongeza upande wa Linux, mfumo endeshi mwingine badala ya Windows, kwa wanaoutumia. Draiva ya CH340 inaitwa ch341 na imo ndani ya kiini cha Linux tayari, kwa hiyo hakuna kushusha. Kwenye dirisha la amri andika lsusb uone namba zilezile 1a86:7523, kisha sudo dmesg, na mlango utakuwa /dev/ttyUSB0.

Lakini kwenye Ubuntu 22.04, aina mojawapo ya Linux, kuna mtego unaojulikana: mlango unaonekana sekunde moja kisha unapotea. Sababu ni brltty, programu ya vifaa vya nukta nundu kwa wasioona. Kuna kifaa kimoja cha nukta nundu kilichojengwa kwa chipu hiyohiyo, na kinajitambulisha kwa 1a86:7523. Kwa hiyo brltty ikiona namba hizo inadhani kifaa chake kimefika, inamnyang'anya ch341. Kama hakuna asiyeona anayetumia mashine hiyo, sudo apt remove brltty inamaliza tatizo.

Fundi wa Kirumba:

Asante ndugu wa Likoni, mfano huo ni mzuri sana. Mfumo endeshi hauoni kifaa, unaona namba zake tu. Namba zile ni za chipu, na chipu moja inaweza kuwa ndani ya kebo ya mizani, mashine ya risiti au kifaa cha nukta nundu.

DadaKarani:

Nimeiweka. Pembetatu ya njano imeondoka, na sasa kuna mahali pameandikwa Ports, chini yake USB-SERIAL CH340 (COM5). Lakini programu ya stakabadhi bado inaonyesha sifuri. Nimejaribu kuihamishia tundu la upande wa pili, ikawa COM6. Sijui nimeharibu nini.

Fundi wa Kirumba:

Hujaharibu kitu, dada, draiva imeshika. Programu yako bado inasubiri kwenye mlango wa zamani. Fungua mipangilio ya programu, patafute palipoandikwa Port au COM, utakuta pengine COM3. Ukiweza kubadilisha, weka namba unayoiona leo. Kama programu haikuruhusu, rudi Device Manager, bofya mara mbili kwenye CH340, Port Settings, Advanced, na hapo chini chagua COM3 wewe mwenyewe. Hakikisha na kasi inalingana na ya mizani. Nyingi ni 9600, utaikuta kwenye kitabu chake.

Namba ilibadilika ulipohamisha tundu kwa sababu chipu hii haina namba yake ya pekee ya kiwandani. Mbili zikiwekwa pamoja Windows haiwezi kuzitofautisha, kwa hiyo inazitambua kwa tundu. Tundu jipya, kwake ni kifaa kipya, na mlango mpya. Kuna chipu nyingine zenye namba ya pekee, hizo huenda na COM yao popote unapozichomeka. Wewe chagua tundu moja, libandike karatasi, lisiwe la kuchajia simu.

MamaSteshenari:

Samahani naingilia. Na mimi nataka kununua printa ya dukani. Basi nikichukua ya kundi linalojulikana sitahitaji draiva?

Fundi wa Kirumba:

Mama, kwa printa jambo ni gumu kidogo. Kundi la printa lipo, ni 07, lakini linaeleza tu jinsi ya kupeleka data. Halielezi ukurasa wenyewe umeandikwa kwa lugha gani, na hapo kila kampuni ilienda njia yake kwa miaka mingi. Ndiyo maana unaona printa nzima kabisa zimewekwa stoo: draiva yake ni ya biti 32, na Windows 11 ni ya biti 64 tu, kwenye kiini chake haipokei ya 32.

Kwa mpya, tazama kwenye boksi kama kuna alama ya Mopria au AirPrint. Hizo zinaongea lugha ya pamoja ambayo mifumo ya sasa inaijua bila draiva ya kampuni. Septemba 2023 Microsoft walitangaza kwamba wataacha hatua kwa hatua kusambaza draiva za printa za kampuni nyingine kupitia Windows Update, kwa hiyo printa isiyo na alama hizo itakusumbua zaidi kadiri miaka inavyokwenda. Ongeza hela kidogo sasa.

DadaKarani:

Fundi, imekubali! Nimeweka COM3 kule Advanced, uzito umeingia. Wakulima wamepiga makofi. Swali la mwisho: namba inachezacheza sekunde chache gunia likitua, na mara mbili imeandika pungufu. Ni draiva?

Fundi wa Kirumba:

Hongereni sana. Hapana, draiva haibadilishi tarakimu hata moja, inapitisha tu kilichotumwa. Tazama herufi mbili za mwanzo kwenye mstari wa mizani. ST ni uzito uliotulia, US ni uzito ambao bado unacheza. Programu nzuri husubiri ST ndipo irekodi. Inaonekana yako inachukua mstari wowote unaofika. Angalia kwenye mipangilio kama kuna chaguo la Stable uliwashe. Kama halipo, usibonyeze hifadhi mpaka taa ya kutulia iwake kwenye kisanduku cha mizani, na yale magunia mawili yapandisheni tena leo, kabla wenyewe hawajaondoka.