Riwaya ya mapenzi ya Waairishi Marekani: Boston 1847, New York 1863 au Butte? Naomba ushauri

Binti_Pangani
Wakuu, heshima kwenu. Nimepata likizo ya wiki tatu kuanzia Jumatatu na nimeapa safari hii haiishi bure. Naandika riwaya ya mapenzi ya kihistoria kuhusu Waairishi, yaani watu wa Ayalandi, waliohamia Marekani. Mwaka mzima nimesoma habari zao, madaftari mawili yamejaa, sasa nimekwama kwenye kuchagua. Nimebaki na haya matatu:

Boston, 1847, mwaka mchungu kuliko yote ya ile njaa ya viazi. Binti anashuka melini na kuwa mtumishi wa ndani.
New York, 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe na zile ghasia za Julai za kupinga kuandikishwa jeshini.
Butte, Montana, kwenye migodi ya shaba, miaka ya 1910.

Binti wangu nimpeleke wapi? Nisaidieni kabla ya Jumatatu.

KalamuKavu
Dada, umetuletea mifupa bila nyama. Unaandika kwa Kiswahili? Ni kitabu au hadithi ya mfululizo? Maneno mangapi? Mwanamume ni nani na anafanya kazi gani? Usipotuambia, kila mtu hapa atakushauri uandike kitabu chake yeye.

Msafiri_Kigoma
Na mwisho wake je? Wanaoana au mtu anakufa?

Mama_Shani
Boston, sina hata haja ya kufikiri. Mwaka wa kumi na mbili huu naishi karibu na Boston, kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao. Kuna bibi nilimhudumia, ukutani kwake ilikuwapo picha ya bibi yake mzaa mama, amevaa aproni nyeupe ya kazi. Nyuma ya picha kwa penseli limeandikwa Honora. Lakini nyumba aliyotumika walimwita Bridget mpaka anaacha kazi. Ndivyo ilivyokuwa: kwa matajiri mtumishi wa Kiairishi ni Bridget, uwe Nora, uwe Mary. Dada, anzia hapo. Kijana wa kwanza kumwita binti yako kwa jina lake halisi ndiye atakayempenda, na msomaji ataelewa bila kuelezwa.

Halafu kuna gazeti la Wakatoliki pale Boston, Pilot. Kuanzia 1831 hadi 1921 lilichapisha matangazo ya kutafutana: fulani wa parokia fulani, alishuka kwa meli fulani mwaka fulani, mara ya mwisho alisikika yuko kwenye ujenzi wa reli, dada yake anamtafuta. Kila tangazo mistari michache tu. Mimi nikiyasoma nashindwa kuendelea, kwa sababu nawajua watu wetu waliotafutana hivyohivyo kutoka kambi moja ya wakimbizi hadi nyingine.

Mzee_Darajani
Hilo la jina limenigusa. Baba yangu alikuwa mpishi kwenye nyumba za Wazungu, mtu mzima mwenye watoto sita, akiitwa boi. Binti, ukiandika habari ya Bridget kwa Kiswahili, wapo watakaokuelewa haraka kuliko hata wajukuu wa hao Waairishi.

Binti_Pangani
Shikamoo mzee wangu. Asante sana. Nakuja na majibu, niko kazini.

NyundoNaReli
Mbona reli haimo? Union Pacific ilijengwa kwa mikono ya Waairishi wengi kutoka mashariki, Central Pacific ikajengwa na Wachina kutoka California, wakakutana Promontory Summit, Utah, tarehe 10 Mei 1869. Kijana anasonga mbele na reli, barua za binti zinamfuata kila kambi inapohamia, nyingine zinamkosa. Hapo riwaya inajiandika yenyewe.

KalamuKavu
Riwaya ambayo wapenzi hawaonani kurasa mia mbili? Mkuu, hiyo ni ya posta.

NyundoNaReli
Umbali ndio unaopima penzi. Wangapi humu wenye waume Oman na Dubai wataelewa ninachosema.

Zawadi_M
Naomba nimweleze mleta uzi yaliyonikuta, maana sitaki yamkute.

Mimi niliandika riwaya kama yako. Binti anaitwa Mairead, anakimbia njaa, anafika New York 1851. Nikampitisha Ellis Island. Nikaandika kurasa kumi na moja za ukumbi ule, foleni, madaktari wakigeuza kope za watu kutafuta ugonjwa wa macho, na kijana anampa leso. Sehemu niliyoipenda kuliko zote. Nikachapa nakala mia tatu kwa pesa yangu, akiba ya kibubu cha miaka miwili. Siku ya uzinduzi akasimama mwalimu mmoja mstaafu wa historia, kwa adabu kabisa, akasema: mwanangu, Ellis Island ilifunguliwa tarehe 1 Januari 1892. Wa kwanza kupita ni Annie Moore, binti wa Kork kule Ayalandi, akapewa sarafu ya dhahabu ya dola kumi. Mairead wako angekuwa bibi kizee.

Ukumbi ulinyamaza. Nilirudi kwa mchapaji kuomba abadilishe kurasa zile tu, akataka nilipe kazi nzima upya, na pesa ya awali hakuirudisha. Nakala zaidi ya mia mbili ziko chini ya kitanda changu hadi leo.

Kinachoniuma ni kwamba ukweli ulikuwa mtamu zaidi. Kituo cha Castle Garden, kwenye ngome ya zamani ncha ya kusini ya Manhattan, kilianza kupokea wahamiaji 1855. Kabla ya hapo meli zilitia nanga na abiria wakashukia gatini penye wapiga debe. Ndiyo, wapiga debe! Tena wengine Waairishi wenzao, wanamsemesha mgeni kwa Kiairishi, wanashika sanduku lake na kukimbia nalo hadi nyumba ya kulala wageni, huko anatozwa mara mbili ya alichoahidiwa, na asipolipa sanduku halitoki. Nani kati yetu hajawahi kunyang'anywa begi stendi? Ningeandika hilo kwa kujua kabisa ninachokisema. Kwa hiyo dada, mwaka wowote utakaochagua, hakiki kwanza mlango alioingilia.

Msafiri_Kigoma
Pole sana dada Zawadi. Hizo nakala usizitupe.

Mkulima_Njombe
Mimi si mwandishi, nalima viazi. Ila nimeona watu wengi wanaandika "viazi vilioza" halafu wanapita. Ule ugonjwa wa 1845 ndio huu tunaouita bakajani chelewa, ni uleule, na huku kwetu ukija wiki ya mvua na ukungu hukai sawa. Asubuhi unainua jani unaona baka la kahawia kama limemwagiwa maji ya moto, ukigeuza upande wa chini kuna utando mweupe kama vumbi la unga. Siku chache shamba zima jeusi. Na harufu. Harufu inakufikia kabla hujalifikia shamba, nzito, kama kitu kimekufa. Unachimba, kiazi kwa nje kizima, ukikibonyeza kidole kinazama.

Sisi tuna dawa ya kupuliza na tuna mahindi ya kushika. Maskini wa Ayalandi magharibi kule walipanda karibu mbegu moja tu, ikiitwa Lumper, na mwanamume mmoja alikula kama kilo tano au sita za viazi kwa siku kwa sababu hakuna kingine. Huku nafaka na mifugo vikipakiwa melini kwenda Uingereza. Watu kama milioni moja walikufa na wengine zaidi ya milioni wakaondoka. Binti wa hadithi lazima awe ameisikia ile harufu. Akiwa Boston jikoni kwa tajiri, akimenya viazi, ataikumbuka.

Mama_Shani
Kaka, wewe ni mwandishi.

Kijana_Likoni
Swali dogo: mtaandika viazi, viazi ulaya, mbatata au viazi mviringo? Mombasa ukisema mbatata kila mtu anajua.

Mkulima_Njombe
Viazi mviringo. Viazi peke yake huku mtu atakuuliza vitamu au vipi.

Kijana_Likoni
Mviringo ni lugha ya bwana shamba. Hakuna mama atakayesema nimepika viazi mviringo. Kwenye mapenzi weka mbatata, neno lina sauti.

KalamuKavu
Jamani, mleta uzi bado hajajibu.

Binti_Pangani
Nimerudi. Samahani wakuu, niliacha ya muhimu. Ni kwa Kiswahili, mfululizo wa kila Ijumaa kwanza, kitabu baadaye, kama maneno elfu sitini. Nikichagua Boston, mwanamume ni mtoto wa mwenye nyumba, Mprotestanti, msomi. Nikichagua New York, ni mwanajeshi wa Kikosi cha Waairishi. Butte bado sijajua. Na mwisho, nimepanga binti afe. Nataka iume.

Msafiri_Kigoma
Afe? Basi usiite riwaya ya mapenzi. Msomaji wa mapenzi amekulipa akuone ukiwavusha. Wazamishe, watese, lakini wavushe.

Mzee_Darajani
Tungo zetu za mahaba zimejaa wanaokufa kwa mapenzi, mwanangu. Muache binti aandike.

Mama_Shani
Mimi kifo nitavumilia. Mtoto wa bosi na dada wa kazi, hapana. Naongea kwa uchungu. Sote tunajua hausigeli anayependwa na mtoto wa mwenye nyumba mwisho wake ni nini: tumbo, na kufukuzwa usiku. Boston ya 1847 ilikuwa hivyohivyo, tena na dini juu yake, Mkatoliki na Mprotestanti. Binti hana mlango wa kufunga wala ndugu mjini, halafu tuite penzi? Mpe mtu wa hadhi yake. Muuza samaki, mpakuzi wa melini. Mtumishi kwa kawaida alipata Alhamisi mchana na Jumapili fulani za kutoka. Hizo saa chache kwa wiki ndizo ziwe za kwao.

KalamuKavu
Nakubaliana. Na mimi nasema New York. Lakini huyo mwanajeshi unajua anakuja na nini? Sheria ya 1863 ya kuandikisha watu jeshini kwa lazima iliruhusu mwenye dola 300 kukwepa, nazo ni kama mshahara wa mwaka wa kibarua. Kuanzia tarehe 13 Julai mji ukawaka siku nne, na Waairishi maskini walikuwa wengi kwenye lile kundi. Waliwanyonga watu weusi kwenye nguzo za taa. Walichoma kituo cha watoto yatima weusi kilichokuwa na watoto zaidi ya mia mbili, ni rehema tu kwamba watoto walitolewa kwa mlango wa nyuma. Huwezi kupita hapo kwa kumbusu mtu.

NyundoNaReli
Ndiyo maana nilisema reli.

Kijana_Likoni
Mwanajeshi hakuwepo mjini, yuko vitani. Kikosi kile kiliangamia Fredericksburg Desemba 1862. Msimbebeshe yeye lawama za ghasia.

KalamuKavu
Simbebeshi yeye, nambebesha mwandishi. Sisi Waafrika tukiandika habari hii tukaruka siku zile nne, tumeandika nini? Mtaa wa Five Points walikuwapo wanawake wa Kiairishi walioolewa na wanaume weusi, na Julai ile waliwindwa kwa sababu hiyo. Dada, penzi lako liko pale. Mfua nguo wa Kiairishi na baharia mweusi. Kizuizi hukibuni, mji wenyewe umekiweka.

Binti_Pangani
Hilo sikuwa nalo kabisa kwenye daftari. Nimekaa nalifikiria tangu saa moja.

Zawadi_M
Na Butte mmeisahau. Watu wa rasi ya Beara, Kork, walitoka migodi ya shaba ya Allihies wakaja moja kwa moja kwenye shaba ya Butte. Tarehe 8 Juni 1917 moto wa mgodini uliua watu 168. Manus Duggan aliwakusanya wenzake wakajifungia kwa ukuta wa mbao na nguo kuzuia gesi, 25 wakatoka hai, yeye hakutoka. Akiwa gizani aliwaandikia barua mkewe na mama yake. Kama ni kuuma, hapo.

Mzee_Darajani
Lolote utakaloshika, tazama mahaba yao yalivyosemwa. Nimesoma kwamba Kiairishi kina neno la kumwita mpenzi "mapigo ya moyo wangu", na lingine ni "hazina". Hayo yanaingia kwenye Kiswahili bila kusukumwa. Usiniwekee "bebi" mwaka 1847.

Kijana_Likoni
Mkuu wa Njombe, samahani nje ya mada, mbegu gani huko inavumilia bakajani? Shemeji yangu anataka kujaribu Lushoto.

Mkulima_Njombe
Njoo inboksi, inategemea na mwinuko.

Binti_Pangani
Usiku huu nimeandika ukurasa mmoja, sijui ni wa mji gani. Kuna meza, kuna ndoo ya viazi, binti anamenya. Amefika kwenye kiazi ambacho kidole kimezama. Kuna mtu mlangoni ameuliza jina lake, naye hajajibu bado.

Mama_Shani
Huyo wa mlangoni ni nani?