Huduma ya kuletewa mzigo Dodoma kutoka Dar: nitajuaje ni ya kweli kabla sijatuma hela?

Fundi_Nkuhungu
Habari za jioni wadau. Mimi ni fundi cherehani, niko Nkuhungu hapa Dodoma. Kuna ukurasa Instagram wanauza ovaloki (mashine ya kumalizia kingo za nguo) na wanajitangaza kuwa na huduma yao wenyewe ya kupeleka mizigo, kutoka Kariakoo mpaka mlangoni kwako ndani ya saa 24, mkoa wowote. Mashine wanasema 420,000, wakati Majengo nimeulizia ya aina hiyohiyo nikaambiwa 600,000. Wanataka nusu kwanza pamoja na 35,000 ya usafiri, inayobaki nimalizie nikipokea.

Wamenitumia picha ya leseni ya biashara, picha ya risiti ya mteja wa Singida na sauti ya mama mmoja anawashukuru. Wafuasi wanao wengi. Kilichonishtua ni kwamba nilipoingiza namba yao ya malipo, kabla sijaweka namba ya siri, likatokea jina la mwanamume, wakati ninayeongea naye ni dada anayejiita meneja. Nikaghairi. Hela yenyewe ni ya kikoba na marejesho ni kila wiki, na oda za sare za shule ndiyo zinaanza. Nihakikishe vipi?

Kaka_Kizota
Hapo kwenye jina umefanya jambo la maana sana. Biashara yenye huduma ya usafirishaji ingekupa lipa namba yenye jina la biashara. Halafu gusa jina la ukurasa wao, fungua sehemu ya kuhusu akaunti, utaona ilifunguliwa lini na kama ilishawahi kubadilisha jina. Angalia pia kama komenti zimefungwa. Wanaozifunga wanaficha vilio vya wenzako.

Dada_Vifurushi
Mbukwa dada. Mimi niko kaunta ya vifurushi stendi kuu, Nzuguni. Kazi yangu ni kupokea mizigo ya mabasi yanayotoka Dar, kwa hiyo haya nayaona kila siku. Mtu anakuja ameshika simu, ananionyesha picha ya risiti, anauliza mzigo wake uko wapi. Naangalia daftari, hakuna. Inaniuma kumwambia, hasa kama ametoka Kongwa au Mpwapwa kwa nauli yake.

Hiyo risiti ya Singida ikuze uitazame taratibu. Risiti ya mzigo ina namba ya gari, tarehe, jina na simu ya anayetuma, jina na simu ya anayepokea, na yote ameyajaza karani mmoja kwa kalamu moja. Za kitapeli nyingi ni za zamani zilizoandikwa upya juu. Utaona wino wa tarehe umekolea kuliko maneno mengine, au jina la mpokeaji limebanwa pembeni kwa mwandiko tofauti. Ile sauti ya mama usiihesabu kabisa, yeyote anaweza kurekodi.

Kuhusu leseni, jina lililoandikwa pale litafute kwenye mfumo wa BRELA, wanaosajili biashara, mtandaoni. Lisipokuwepo, achana nao. Likiwepo, bado haitoshi, maana picha ya leseni ya mtu mwingine inapatikana kirahisi. Na anayesafirisha vifurushi vya watu kwa malipo anatakiwa awe na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Waombe waitaje, kisha waulize TCRA wenyewe, ofisi yao ya Kanda ya Kati iko hapahapa Dodoma.

Lakini kubwa kwangu ni hili: muuzaji akiwa ndiye msafirishaji, mzigo usipofika huna mtu wa tatu wa kumuuliza. Watenganishe. Mwambie atume kwa basi utakalochagua wewe, au kwa EMS, huduma ya vifurushi vya haraka ya Posta. Namba ya ofisi ya basi ichukue mwenyewe pale stendi, usikubali atakayokupa yeye. Akishatuma risiti, piga ofisi ya vifurushi kule stendi ya Magufuli, Mbezi, Dar, taja namba ya gari na jina lako. Dakika mbili umeshajua kama boksi lipo.

Kabla ya hapo mwombe video. Boksi limeandikwa jina lako na tarehe ya leo kwa maka peni, mashine iko pembeni imewashwa na inashona kitambaa. Mwenye mali stoo hashindwi.

Na hiyo saa 24, kwa Dodoma ni jambo la kawaida, basi la asubuhi mzigo tunaushusha siku ileile. Lakini anayeahidi mlangoni mkoa wowote, muulize ni gari gani linafika Mpanda kwa muda huo na nani anautoa stendi mpaka kwa mteja.

Fundi_Nkuhungu
Asante sana dada. Nimemwambia atume kwa basi, nusu nitatuma ofisi ya vifurushi ikithibitisha. Amesema wao hawatumii mabasi na ofa inaisha saa sita usiku. Sasa hivi imeingia mesiji kwa namba nyingine: mzigo wako umefika Dodoma, lipia 15,000 kuukomboa, na kuna linki. Wakati sijanunua kitu!

Dada_Vifurushi
Usiifungue hiyo linki. Mesiji itume 15040 ya TCRA, kisha zuia namba zote mbili. Kwetu gharama ya mzigo unalipia kaunta na risiti unapewa mkononi. Na kwa mwingine anayesoma akiwa ameshatuma hela: piga mtandao wako wa simu sasa hivi, kabla haijatolewa, ndipo uende polisi na mesiji zote ukiwa hujafuta hata moja.

Mshonaji_Kisasa
Fundi mwenzangu, rudi Majengo. Maduka mengine wanakubali uweke kidogo kidogo mpaka itimie, ila kila unapoweka andikiwa. Siku ya kuichukua dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya TRA, na uikague kwa simu palepale. Beba vitambaa vyako mwenyewe, cha jezi na cha kaki ya sare, uvipitishe vyote viwili. Ovaloki inayoruka nyuzi kwenye kaki haitakufaa msimu huu, hata wakikupunguzia bei.