Naomba ushauri: historia ya kura jimbo la Orange, Australia, nahesabu chama au mtu?

Wakuu habari zenu, naandaa makala ya jimbo la Orange, la bunge la New South Wales, sasa nimekwama. Hawa jamaa wa chama cha National (zamani Country Party) walilishika toka 1947, miaka karibu 70 hakuna wa kuwagusa, alafu uchaguzi mdogo wa Novemba 2016 Philip Donato wa chama cha Shooters, Fishers and Farmers akawapiga kwa kura 50 tu! Watu walikua na hasira za kuunganishiwa halmashauri kwa nguvu na ile ishu ya kupiga marufuku mbio za mbwa, serikali (National walikua ndani yake) ilirudi nyuma Oktoba kwenye hiyo ya mbwa lakini too late, maji yalishamwagika.

2019 akashinda tena, mwishoni mwa 2022 akatoka chamani, 2023 akapita kama mgombea binafsi. Sasa kwenye jedwali niandikeje, jimbo lilihama chama au lilimfata mtu? Na kule unapanga wagombea kwa namba ila ukiweka 1 peke yake kura inahesabika, kwahiyo nilinganishe kura za kwanza (walizopewa namba 1) au za mwisho baada ya kugawa kura za walioondolewa kwa wanaofuata kwenye namba? Mi naona za kwanza zinasema ukweli zaidi, ila mwenye uzoefu anisaidie.