Tupeane uzoefu: una kazi ngapi za sindano ambazo hujazimaliza?

BintiJangombe

Assalaam alaykum wapenzi wa sindano. Leo nimeteremsha lile kopo langu la biskuti (biskuti zilikwisha zamani, mgeni akilifungua kwa tamaa anakutana na uzi) nikasema hebu nihesabu zilizomo nusunusu, wallahi nimeona haya peke yangu chumbani.

Kuna kofia ya viua ya kaka yangu (ile ya vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi), duara la juu limekwisha ila ule mkanda wa pembeni hata robo haujafika. Foronya mbili za kudarizi kati ya nne, za harusi ya mtoto wa dada, na harusi ilishapita, bibi harusi sasa hivi anampeleka mwanawe nasari. Kanga doti tatu hazijapindwa. Vitambaa vya makochi viwili kati ya sita, yaani sebuleni kochi moja limevaa mengine yako uchi. Na kisoksi kimoja cha sufu cha mtoto mchanga, kimoja tu, mwenyewe sasa anavaa viatu namba ishirini na tano.

Mama kanipiga methali yake ya mshika mawili moja humponyoka, nikamwambia mama mie nimeshika tano, hata sijui lipi limeniponyoka.

Ila kitu kimoja nimekigundua. Tuna kikundi chetu, wanawake tisa, tunakaa Jumamosi baada ya alasiri mpaka karibu na maghrib ukumbini kwa bi mkubwa mmoja hapa mtaani, chai ya tangawizi, kaimati, kila mtu na kikapu chake. Basi zile kazi nilizozimaliza mwaka huu zote zimemalizikia pale, za nyumbani zinanitazama tu. Sasa niambieni wenzangu, nyinyi mnashika moja mpaka iishe au mko kama mie? Na mna watu wa kukaa nao?

MpembaWaUkili

Wa alaykum salaam. Mie niko Wete, Pemba, na nakutetea kabisa, tena wala usione haya. Kazi nyingi si uvivu, ni mwanga. Kofia ya viua huwezi kuishona usiku hata taa iwe kubwa vipi, kile kitundu ukishakitoboa inabidi uzungushe uzi ukigande pande zote sawasawa, uzi mweupe kitambaa cheupe, macho yanatoka maji. Kwa hiyo kofia yangu ni ya asubuhi, saa tatu mpaka saa tano, nakaa mlangoni jua likiwa upande wa nyuma. Baada ya hapo jikoni. Usiku ni ukili, ile mikanda ya ukindu ya mikeka, ukili nasuka hata kukiwa giza totoro, vidole vinajua wenyewe, naongea na watoto, napulika redio, nakuja kushtuka pima tatu zimekwisha.

Na kazi ya kushika safarini ni nyengine tena. Nikiwa kwenye boti kwenda Unguja sichukui kofia, bahari ya Pemba mnaijua, ukitoboa kitundu chombo kikayumba kimekuwa mlango. Nachukua kanga ya kupinda.

Kwa hiyo mie nnazo tatu daima na kila moja ina saa yake. Wewe shida yako si tano, shida yako huenda zote tano zinataka saa ile ile moja.

Baba_Nassor

Mie mwanamme lakini ntasema. Mke wangu alinianzishia kofia tulipoposana. Posa ikapita, ndoa ikapita, Idi ya kwanza nikaambiwa bado kidogo, ya pili bado kidogo, ya tatu nikaenda zangu Darajani nikanunua nyengine. Alikasirika siku mbili akasema hukunisubiri. Tuna watoto watatu. Kofia ipo kabatini, nzuri mashallah, ya nusu.

BintiJangombe

Baba Nassor pole jamani 😂 lakini kwani ulimuuliza kwa nini haikwishi? Mie ya kaka yangu haikwishi kwa sababu mkanda unachosha, duara ni tamu unaona ua linatokea, mkanda ni kitu kile kile kile kile kinazunguka kichwa kizima.

FundiKiwandui

Hii mada imenigusa pahala nkasema lazima niandike, samahanini itakuwa ndefu.

Mie kazi yangu ni fundi, nashona mabuibui na madera na nguo za skuli kwa chereheni cha umeme. Kazi za mkono nilikuwa sizijui wala sizitaki, nikimuona mama na kofia yake namwambia miezi miwili kitu kimoja si bora ushone magauni ishirini. Basi ikaja Disemba 2009, ule waya wa umeme unaotoka bara ukaharibika, Unguja nzima giza mpaka Machi 2010. Waliokuwepo wanajua. Miezi mitatu. Maji hakuna kwa sababu pampu hazivuti, tunabeba madumu, mafriji yamegeuka makabati, na mie chereheni changu kimekaa kama pambo na nguo za watu za kitambaa cha bei zimekatwa tayari zinanisubiri, na hela za watu nilishazila.

Wiki ya kwanza nililia tu. Wiki ya pili jirani akanambia ana chereheni cha mguu cha bibi yake, kiko chini ya kitanda, mkanda umekatika. Tukakitafutia mkanda, tukatia mafuta, kikaenda. Lakini kiko kwake, si kwangu, na yeye ana kazi zake, basi tukapangana yeye asubuhi mie mchana. Na ule wakati nikimsubiri amalize nifanye nini? Nikawa namsaidia kupinda kwa mkono. Wakaja na wengine wawili, mmoja na kofia, mmoja na shuka ya kudarizi, kwa sababu nyumba ile ina ukumbi unaoingia upepo na mwanga na majumbani kwetu joto halikaliki bila feni. Hivo ndo kikundi kilivoanza, hakuna aliyekaa akasema tuanzishe kikundi, tulikuwa tunakimbia joto.

Pale ndo nikajifunza kiua. Kiua changu cha kwanza kilikuwa kama jicho la mtu aliyepigwa ngumi. Yule mwenzetu wa kofia ni mkali, hasemi "jaribu tena mwanangu", anachukua kitambaa anakigeuza nyuma anakitazama kimya halafu anakurudishia. Unajua mwenyewe. Nyuma ndo pana siri, mbele kila mtu anaweza kujificha.

Umeme ulivorudi Machi kila mtu akarudi kwake. Nikawasha chereheni, nikawasha feni, nikashona siku mbili mfululizo ile kazi yote ya watu, siku ya tatu nikajikuta nimekaa nauangalia ukuta. Nikachukua kofia yangu nusu nikaenda kule ukumbini bila kuitwa, nikawakuta wawili wameshafika.

Ile kofia nikaiuza 80,000 baadae. Ukigawa kwa masaa utacheka mpaka ulie, msigawe.

MpembaWaUkili

Fundi umenikumbusha, nyinyi mko gizani sisi Pemba tulikuwa na majenereta yetu ya Wesha yanawaka na kuzima kivyake, tukawa tunawacheka, waya wa kutoka Tanga ulikuwa haujafika kwetu. Mwenyezi Mungu atusamehe.

Sitaki_Nusu

Ntakuwa mtu mbaya kidogo hapa. Mie sikubali hii ya tano tano. Nishawahi kuwa hivo na iliniponza kwenye uzi. Nilikuwa nashona shuka ya harusi, maua ya waridi, nikaiweka pembeni niishike nyengine, nikakaa nayo mwaka na nusu. Kurudi uzi wa waridi umekwisha. Nimetembea Mchangani duka kwa duka na kipande mkononi, kila duka wananambia ndo huo huo dada, kufika nyumbani kwenye jua si huo. Mpaka leo lile shuka lina waridi saba za rangi moja na mbili za rangi nyengine, na mwenye shuka hajawahi kusema kitu lakini naona anavolitandika, zile mbili anaziweka miguuni.

Na mkono nao unabadilika. Ukiacha kazi miezi sita ukirudi unavuta uzi kwa nguvu nyengine, mshono unaonekana pale ulipoachia kama mtu aliyesimama njiani.

Kwa hiyo mie ni mbili basi. Moja ya akili moja ya mikono. Na uzi nanunua wote siku moja hata kama ntalala njaa.

Kikundi ninacho, sikatai, lakini na chenyewe tuseme ukweli, kinamaliza kazi na kinaharibu kazi. Siku moja mwenzetu kahadithia kisa cha wifi yake tumecheka mpaka mwenye nyumba kaja kuchungulia, kunyamaza naangalia kofia nimetoboa safu nzima nje ya mstari. Kudarizi ukikosea unafumua. Kiua unafumua uzi, kitundu hakifumuki. Ilibidi nitunge ua jipya la kuvifunika vile vitundu, na sasa watu wananiuliza ile chora umeitoa wapi.

Wa_Maskati

Nawasoma kutoka Maskati nacheka peke yangu. Huku kofia tunaiita kumma, na mume asiyekuwa nayo nzuri watu wanamuangalia mkewe. Viua ni vile vile tu, mama zetu walikuja navyo mkononi. Zinazoshonwa na mashine zimejaa madukani na bei yake ni kitu kidogo, lakini mzee akiishika tu anaigeuza ndani kama yule mwalimu wa fundi, anajua.

Mie nilivofika huku nilikaa miaka miwili bila kushika sindano kwa sababu sikuwa na mtu wa kukaa nae. Si muda, muda nilikuwa nao mpaka unanichosha, nyumba ina baridi ya kipoza hewa, watoto skuli, kimya. Nikawa naanza kazi kila wiki, mpya mpya, naagiza vitambaa, naagiza nyuzi, nachora, naacha. Nilikuwa nazo kumi na moja, nyinyi mnalia na tano. Halafu nikakutana na dada mmoja msibani, katoa mkobani kofia yake akashona kiua kimoja kimoja watu wanasubiri chakula, nikasogea nikakaa ubavuni kwake. Sikumuuliza jina, nilimuuliza uzi namba ngapi.

Sasa tuko watano, Alkhamisi usiku. Zile kumi na moja zimebaki nne. Mbili nilizigawa, jamani hii msiisahau, kazi inaweza kugaiwa, si lazima uimalize wewe. Kuna mwenzangu anapenda mkanda na hapendi duara.

BintiJangombe

Subiri subiri subiri. Kuna mtu duniani ANAPENDA mkanda?

Wa_Maskati

Yupo na anasema unamtuliza.

FundiKiwandui

Hata kwetu yupo mmoja. Lakini angalieni, kama mkono wa duara mzito na wa mkanda mwepesi itakuja kuonekana siku ya kuifua ukiitia wanga, upande mmoja utasimama mwengine utalegea. Mpe kwanza ashone viua vitatu kwenye kitambaa kibovu ulinganishe na vyako.

Baba_Nassor

Nimemsomea mke wangu hii yote. Kasema kwanza duara hajawahi kulipenda yeye. Pili kasema nimuulize huyo BintiJangombe hicho kikundi chenu mnapokea watu wa Kwaalinatu?

BintiJangombe

Tunapokea! Jumamosi hii, aje na kofia yenyewe, ile ya nusu, asije na mpya. Na kama yeye ni mtu wa mkanda basi ntamlipia daladala.

BintiJangombe

Jumapili asubuhi, nawapa habari. Kaja. Kaja na kofia na sahani ya visheti. Bi mkubwa kaigeuza kofia ndani kaitazama kimyaaa, sote tumeacha kupumua, halafu kamwambia "mumeo kasubiri miaka mingapi?" kamwambia kumi na mbili, kasema "bado ina haki ya kusubiriwa". Yeye kaondoka na mkanda wa kaka yangu, mie nimebaki na duara la Baba Nassor, viua vitatu vya majaribio tumevilinganisha havina tafauti hata kidogo. Kwa hiyo sasa ninazo bado tano kwa hesabu ile ile, isipokuwa moja si yangu. Na ile foronya ya tatu nimeianza.