Tupeane uzoefu: mume kafa, mashemeji wameleta karatasi ya talaka

KaraniMstaafu: Wakuu, uzi wa jana wa mjane aliyeletewa karatasi ya talaka na mashemeji umenikumbusha mafaili yasiyoisha masjala. Mnaozijua kesi hizi, semeni zinakwama wapi. Tanzania Bara ndoa zote ziko chini ya sheria moja, Sheria ya Ndoa ya 1971. Sheria za mirathi ni tatu: Kiislamu, mila (Tangazo la sheria za mila la 1963) na Sheria ya India ya 1865, hasa kwa Wakristo. Vurugu huanzia hapo.

BintiChumbageni: Hii ya talaka inaumiza kuliko zote. Arobaini haijafika, shemeji anaibuka na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne: "nimemwacha mke wangu fulani", sahihi moja, shahidi hakuna. Kikao cha ukoo kinaiingiza kwenye muhtasari, msimamizi wa mirathi anateuliwa, mjane hayumo kwenye orodha ya warithi. Ulizeni kitu kimoja: amri ya mahakama ya kuvunja ndoa iko wapi? Kwa ndoa ya Kiislamu, kifungu cha 107(3) cha Sheria ya Ndoa kina mpangilio wake. Baraza la usuluhishi lithibitishe limeshindwa kuwapatanisha, ndipo talaka itolewe, kisha mahakama itoe amri. Karatasi tupu haivunji ndoa. Mjane apeleke pingamizi na cheti cha ndoa mahakama ileile ya mirathi, tena haraka. Msimamizi ana miezi 4 tangu ateuliwe kuleta orodha ya mali, fomu namba 5. Nyumba ikishauzwa, mtafukuzana na mnunuzi miaka.

MzeeUjiji: Kweli tupu.

PwaniMoja: Ndiyo maana nasema mirathi nayo iwe na sheria moja kwa wote. Dini ibaki msikitini na kanisani.

Faraidhi_24: Usichanganye mambo, ndugu. Hapo kosa ni la shemeji, fungu la mjane limo kwenye Qur'ani. Chukua wake wawili, mama, mtoto wa kiume mmoja, wa kike wawili, na milioni 96 baada ya madeni na mazishi. Wake thumni (moja ya nane), milioni 12, kila mmoja 6. Mama sudusi (moja ya sita), 16. Zinabaki 68: wa kiume 34, mabinti 17 kila mmoja. Nani kaonewa?

PwaniMoja: Binti, kwa nusu ya kaka yake.

Faraidhi_24: Kaka ndiye anayebeba matunzo. Mila za 1963 je? Mjane hapati fungu ukoo ukiwepo, anaambiwa atunzwe na wanawe. Anzeni huko.

BintiChumbageni: Hilo la mila nakubali kabisa. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake iliwapa haki wajane wawili wa Tanzania dhidi ya mila hizo.

WakiliMtaa: Wakristo nao wanakosea mlango. Mahakama ya mwanzo inasikiliza mirathi ya Kiislamu na ya mila tu. Ndugu wakifungua huko kimila, mjane apinge mamlaka mapema kwa kuonyesha maisha ya marehemu: ubatizo, ndoa ya kanisani, alikoishi, kama alishaachana na mambo ya ukoo. Kwa sheria ya 1865 mjane mwenye watoto anapata theluthi, watoto theluthi mbili, bila kubagua wa kike.

MzeeUjiji: Waanzie BAKWATA (baraza la Waislamu) au kwa mchungaji, mahakama inavunja undugu.

WakiliMtaa: Hapana mzee. Pingamizi kwanza, mazungumzo yaendelee pembeni. Na hati ya nyumba ikiwa na majina mawili, sehemu ya mjane isiingizwe kabisa kwenye fomu namba 5.